Nikate pagola ya mume wangu ili baba apate paa?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu upesi, maana wiki ijayo mume wangu anasafiri kwenda kufunga mageti kwenye ghala moja la mbali, fundi mwashi nimeshapatana naye, grenda ya kukatia chuma nimeshaiazima kwa jirani na iko chini ya kitanda cha wageni imefunikwa blanketi, na wewe usiponizuia nitaikata pagola ya mume wangu nguzo moja baada ya nyingine kabla hajarudi, na nimepiga moyo konde, sitamwomba mtu radhi.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kutwa nakaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu, nikiwazuia watoto wa watu wasiniingize mtaroni, halafu nikirudi nyumbani nakuta watu wazima kila mmoja anaendesha upande wake na huko sina breki hata moja.

Baba yangu mzazi anaishi nasi tangu alipopata kiharusi. Kazi yake ilikuwa kupaka mistari ya barabarani, ile myeupe ya katikati na ile ya vivuko, wenzake wakimwita Mzee Mstari, na maisha yake yote yamepita nje, juani, na ndoo ya rangi, mtu aliyekuwa anakula chakula cha mchana amesimama kwa sababu kukaa kulimchosha. Sasa mkono na mguu wa kushoto vimelegea, anatembea kwa ile fremu ya miguu minne, anatoka chumbani kwake hadi sebuleni, anakaa kwenye kochi, basi, safari ya siku imeisha. Maneno anayo ila yanatoka polepole, na sisi nyumbani kwetu ni watu wa haraka, mara nyingi tunammalizia sentensi ili asichoke. Kutwa anatazama televisheni asiyoipenda. Na anapungua, mshauri, si mwili tu, anapungua yeye mwenyewe, juzi nilimwuliza chai yake iwe na sukari kiasi gani akaniambia "vyovyote", baba yangu huyu ambaye zamani alikuwa anaweza kununa hadi jioni kwa sababu ya kijiko kimoja cha sukari kilichozidi. Nilikwenda kulia jikoni.

Daktari akasema mzee apate hewa ya nje. Sisi nyuma ya jikoni tuna ua, si mkubwa, ni udongo mtupu, kamba ya kuanikia nguo, tangi la maji, na ukuta unaotutenganisha na jirani. Unatoka kwa mlango wa jikoni, unashuka ngazi tatu, ile ya katikati imemeguka, umefika. Tukakubaliana wote kwamba baba atengenezewe mahali pa kukaa hapo, na mshauri, hilo ndilo jambo la mwisho tulilokubaliana.

Mume wangu ni fundi wa mageti. Sisemi kwa sababu ni wangu, ila mtaa mzima unaingia na kutoka kwa mikono yake. Sasa kwa mteja mmoja mwenye uwezo aliona kitu kinaitwa pagola, yaani nguzo nne na mbao zimepita juu kwa nafasi, bila paa, maua yametambaa, kivuli kinachezacheza, watu wamekaa chini yake wanakunywa juisi, na akarudi nyumbani macho yanang'aa. Akasema baba atajengewa pagola. Nikamwacha, nikasema huyu anamjali mkwe wake, nimzuie kwa nini? Akaifanya kila Jumapili, akirudi ndani mchafu hadi kwenye kope. Lakini yeye anajua mageti. Nguzo zake ni za bomba la mraba, nene, amezizamisha kwenye zege kana kwamba anazuia malori, na juu hakuweka mbao, aliweka vyuma, vimepangana sawasawa, katikati kuna ua la chuma lenye petali, na pembeni kuna mikuki. Mikuki, mshauri. Mume wangu amejenga geti akalilaza chali hewani.

Nikamwuliza, "Mikuki ya nini?"

Akasema, "Nakshi."

Nikasema, "Kwani mwizi wetu atashukia kutoka mawinguni?"

Akaenda kunawa mikono. Na ili ujue jinsi nilivyo kwenye mtego, ameipaka rangi ya kijani, mikono miwili ya rangi, kwa sababu aliwahi kumsikia baba akisema anapenda kijani.

Mdogo wangu ni muuguzi. Yeye hataki pagola wala paa, anataka patio, yaani sakafu tu ya vigae, wazi kabisa, kiti kimoja na mzee mmoja, anasema baba anahitaji jua kwa ajili ya mifupa na sisi tunamfuga kizani. Anaishi ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti, na wiki mbili zilizopita alikuja, akamkuta baba kwenye kochi lile lile, akaniita jikoni.

"Dada, nimekuvumilia sana. Mwisho wa mwezi nikimkuta bado amekaa hapo, namchukua."

"Utampandishaje ghorofa ya tatu?"

"Atabebwa."

"Na kushuka?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Na mimi kwa hofu nikampigia simu siku ya pili nikamdanganya kwamba kazi ya uani iko ukingoni, bado kusafisha tu, wakati hata kiroba kimoja cha saruji hakijafunguliwa. Mdogo wangu akisema kitu anafanya. Baba akipandishwa kule hatashuka tena, labda siku ya kupelekwa hospitali.

Mimi nataka paa. Baraza lenye paa, nguzo za tofali, bati zuri, mvua ikinyesha mtu yuko kavu. Na si kwamba napenda ubishi, nina sababu. Pagola ilipokauka rangi, mume wangu kwa furaha yake alisema leo baba anazindua. Fremu haiwezi kushuka zile ngazi, kwa hiyo akamwinua mzee kutoka kwenye kochi, akambeba mikononi, wakapita jikoni, wakashuka, watoto wetu wanapiga makofi, jirani na mabinti zake wamesimama juu ya ndoo wanachungulia ukutani wanapongeza, mimi napiga picha ya kutuma kwenye kundi la familia. Na baba, kwa ule mkono wake mzima, alivua kofia akajifunika uso. Akawekwa kitini, kofia iko usoni. Tukampa juisi, hakuigusa, kofia iko usoni. Nikajua jua linamchoma macho, maana vile vyuma havizuii kitu, vinachora tu mistari chini. Aliporudishwa ndani alianza kusema, "Nikienda..." na mume wangu akamalizia, "Ukienda tena tutakuwekea na mto, baba, usiwe na wasiwasi." Tangu siku ile ukimwambia twende nje anatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipokata shauri, ni paa au hakuna kitu.

Nilimwambia mume wangu kwa upole kabisa, au niseme kwa upole wangu mimi.

"Kwa hiyo kazi yangu haifai," akasema.

"Sijasema haifai. Nimesema inavuja."

"Pagola haivuji. Haina paa."

"Si ndiyo hilo ninalosema?"

Tangu hapo akirudi kazini anachukua kikombe chake cha chai anakwenda kukaa chini ya geti lake peke yake, michirizi ya jua imemkata kuanzia kichwani hadi miguuni. Juzi ilinyesha. Alikaa hapo hapo, na kikombe mkononi, mpaka nikadhani anakunywa mvua.

Basi nikatafuta mwashi kwa siri. Akaja wakati mume wangu hayupo, akapima, akasema baraza linajengeka vizuri ila hizo nguzo za kijani ziondoke kwanza, ziko mahali pabaya. Ndiyo sababu ya grenda. Nikisubiri kumshawishi huyu bwana mwezi utaisha na baba ataondoka, nikikata, mwezi utaisha baba yupo na mume ndiye sijui.

Kuna la mwisho ambalo sijamwambia mtu. Mara nyingine ninapohangaikia hili paa si kwa ajili ya baba. Ni kwamba natamani, hata kwa saa moja, nirudi kutoka kazini nikae kwenye sebule yangu peke yangu, nivue viatu, nisimtazame mtu anayenitazama. Nikishawaza hivyo najichukia, kisha nazidi kulitaka hilo paa. Mimi ni binti wa namna gani?

Niambie tu, usinizungushe. Patio, pagola au paa? Na kama ni paa, nikate au nisikate?

Mimi, Mwalimu wa Breki ya Pili

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, weka gazeti chini, nenda chumba cha wageni, toa hiyo grenda chini ya kitanda, rudisha kwa mwenyewe. Halafu uje tuendelee.

Umesharudi? Pole, mdogo wangu. Nasema pole ya kweli, maana kumwona baba yako anaitikia "vyovyote" ni jambo la kumkondesha mtu, na wewe unakwenda kazini, unarudi, unapika, unaogopa simu ya mdogo wako, na bado umepata nguvu ya kuandika barua inayonichekesha. Una moyo. Kichwa nacho unacho, ila umekitumia kula njama.

Tuanze na mumeo. Huyo bwana alitumia Jumapili zake kumjengea baba yako kitu, akakipaka rangi anayoipenda mzee, na alipomaliza alipata swali kuhusu mikuki. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia asante. Sijapaona. Mtu anayekaa mvuani na kikombe cha chai chini ya vyuma vyake mwenyewe hatetei pagola, anasubiri mtu aseme neno moja. Ukikata hizo nguzo yeye akiwa safarini, atarudi akute baraza zuri sana, na hatakaa humo hata siku moja, na mimi sitamlaumu. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni usikate. Hata kidogo, hata kwa kujaribu kama grenda inafanya kazi.

Sasa baba. Hapa nitakuwa mkali, vumilia.

Unasema mzee alijifunika uso kwa sababu ya jua. Mwalimu, huyu ni mtu aliyepaka mistari ya barabarani, amesimama juu ya lami miaka na miaka saa ambazo wewe na mimi tunatafuta kivuli. Jua na yeye wanafahamiana. Jua halikumfunika uso. Alikuwa amebebwa mikononi na mkwe wake. Mwanamume mzima, mwenye heshima zake, amenyanyuliwa kama mtoto na mume wa binti yake, anapitishwa mbele ya wajukuu wanaopiga makofi, mbele ya jirani na mabinti zake wanaochungulia, na binti yake mwenyewe anapiga picha ya kuwatumia ndugu. Wewe ungefunika nini? Mimi ningefunika uso, na ningewakatalia kutoka nje tena kama anavyokatalia yeye.

Mumeo hakukosea nia, mikono yake ilikuwa ya upendo. Lakini upendo wa namna ile, kwa mkwe, unamwacha mtu uchi. Na baba yenu alijaribu kuwaambia. Alianza, "Nikienda..." mkammalizia. Hakuna hata mmoja wenu anayejua sentensi ile ingeishia wapi. Mimi pia sijui, ila naweza kukisia, na kisio langu halina mto ndani yake.

Kwa hiyo tazama mlivyokosea, nyote. Mnabishana wiki nyingi kuhusu kitu gani kiwe juu ya kichwa cha mzee, mwingine anataka wazi, mwingine vyuma, mwingine bati, na tatizo liko miguuni pake. Ni ngazi tatu, moja imemeguka. Mjengee paa la kifalme, atafikaje? Atabebwa tena. Hilo baraza lako la tofali angekaa humo mara moja, siku ya picha.

Nenda nyumbani ukaanze na hizo ngazi. Mwite mwashi wako mchana, mumeo akiwepo, si kwa kunyatia. Avunje ngazi, aweke njia ya mteremko, ipite kando ya ukuta wa nyumba, iwe ndefu na pole. Kila kimo cha shubiri moja kipewe urefu wa shubiri kumi na mbili. Mwashi atakwambia anaweza kuifanya fupi ili kuokoa nafasi, mkatalie. Mteremko mfupi ni ngazi iliyojificha, na fremu ya mzee itamkimbia. Ua usipotosha kwa mstari mmoja, njia igeuke katikati, na hapo kwenye kona pawe bapa ili apumzike. Nje ya mlango pia pawe bapa, upana wa kumtosha yeye na fremu yake, na kizingiti king'olewe. Kamba ya nguo ihamie kwingine.

Baada ya mteremko ni sakafu. Hapo mdogo wako muuguzi ana haki yake, patio yake inajengwa, ila bila vigae. Vigae vikilowa vinateleza, na miguu ya fremu haina kucha. Saruji ingali mbichi, mwashi apitishe ufagio juu yake, ibaki na mikwaruzo ya kushika. Sakafu iinamie kidogo upande wa ua, si upande wa jikoni, la sivyo mvua ya kwanza utaipokea na mwiko mkononi. Na izizunguke zile nguzo za kijani pale zilipo. Mwashi alisema ziko mahali pabaya kwa baraza lake la tofali, sawa, na baraza lake la tofali halijengwi.

Paa ni la mwisho. Utalipata, usinune. Mumeo amezamisha nguzo za kuzuia malori, umesema mwenyewe, basi zitashindwaje bati chache? Ila lile geti limelala bapa, na bati halilali bapa, maji yatatuama. Itabidi achomelee vipande vya kulinyanyua bati upande wa nyumba ili maji yaelekee kwenye mfereji na kuingia kwenye tangi lenu, yasiende kwa jirani, kuna ugomvi wa kutosha. Mweke bati nusu tu, ile nusu ya karibu na jikoni, na pale mbele ya dirisha liwe la aina inayopitisha mwanga, usije ukawa unakaanga vitunguu kwa kupapasa. Nusu ya nje ibaki na vyuma vyake, ua lake na mikuki yake. Mpandishieni mmea wowote unaotambaa kwa haraka.

Sikwambii hivyo ili kila mmoja wenu apate kipande chake afurahi. Nakwambia hivyo kwa sababu mtu anayeweza kutoka juani akaingia kivulini kwa miguu yake, saa anayotaka yeye, huyo yuko nje. Mtu aliyewekwa mahali akaachwa hapo yuko kwenye kochi tu, hata kama upepo unampiga.

Kuna kazi moja ambayo mwashi haiwezi, na ni mumeo peke yake anayeiweza. Mteremko unataka reli za kushikia, pande zote mbili, imara, kimo chake kifike pale mkono wa mzee unapofika ukishuka. Mwendee jioni, akiwa amekaa chini ya pagola yake. Chukua kiti ukae naye, hata kama kunanyunya. Mwambie asante kwanza, ikamilike, usiiambatanishe na "lakini". Kisha mweleze kuhusu kofia. Mweleze polepole, maana ataumia, na akiumia usimwongezee. Atataka kwenda kumwomba mzee radhi saa hiyo hiyo, mwambie radhi yake aichomelee. Nina hakika hizo reli zitakuwa nzuri kuliko geti lolote la mtaa huo. Umwombe tu asiweke mikuki.

Mdogo wako mpigie leo, si kesho, umwambie ulimdanganya na kazi haijaanza. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Akimaliza mwambie ghorofa ya tatu hapana. Usimpambie maneno, mwambie tu kule baba atapanda mara moja na hashuki, na yeye anajua, ndiyo maana alichukua mkoba badala ya kukujibu. Halafu mpe kazi. Huyo ni muuguzi, aje siku zake za mapumziko amfanyishe baba mazoezi ya kutembea kwenye korido yenu, kwenda na kurudi, ili mteremko utakapokauka mguu uwe tayari. Mkimgombania mzee mtamvunja, na mwezi ukiisha kabla saruji haijakauka, dunia haitaanguka.

Kuhusu sebule yako. Kutamani kukaa peke yako saa moja bila viatu si dhambi, wala hakukufanyi binti mbaya, kunakufanya mtu aliyechoka. Acha kujichukia, kunakula muda ambao ungelala. Na huenda hujafikiria hili, kwamba baba yako naye amechoka kutazamwa. Kutwa nzima ninyi mnapita mbele yake mnamuuliza kama yuko sawa. Yeye pia anataka saa yake.

Lakini kabla ya mwashi, kabla ya mumeo, kabla ya kiroba cha kwanza cha saruji, kuna jambo ambalo katika barua nzima hamkulifanya. Hamkumwuliza. Zima televisheni, kaa mbele yake, umwulize anataka nini uani, halafu ufunge mdomo. Atachelewa. Atatafuta neno, litampotea, atalirudia. Usimsaidie. Usimwekee neno mdomoni hata kama unaliona linakuja. Kaa hapo mpaka amalize mwenyewe, hata chai ikipoa. Na akisema kitu kilicho kinyume na haya yote niliyokuandikia, chana ukurasa huu ufanye alivyosema.

Na siku kazi itakapokamilika, sitaki sherehe. Hakuna makofi, hakuna simu ya kupiga picha, na jirani mwombe kwa adabu ashuke kwenye ndoo. Fungua mlango wa jikoni uuache wazi, kisha wote mkae sebuleni, wewe, mumeo, watoto, na mdogo wako akiwepo. Mtasikia fremu inagonga sakafu ya jikoni, kisha mtaisikia inagonga saruji, kisha hamtasikia kitu, na wewe utataka kuinuka. Usiinuke. Atatoka baba yako, na atarudi saa anayotaka yeye.